Mama na Mura: Ushairi kati ya Mzazi na Mwana Aliyekua

Mtoto wa kiume anapofikia utu uzima, mila humtoa mikononi mwa mama yake, na hapo ndipo ushairi unapopata kazi. Mama hawezi tena kumbembeleza mtu mwenye ndevu. Mwana naye haoni vyema kutamka mbele za watu kwamba anamkumbuka mama. Wimbo, jigambo, utenzi na shairi huwapa wote wawili ruhusa ya kusema lile ambalo mazungumzo ya kila siku hayalibebi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, jambo hili linaonekana kwa uwazi, kwa kuwa maisha ya kijana yamepangwa kwa hatua zinazojulikana na wote: kutahiriwa, kuchunga na kulinda mifugo, kuoa, kusafiri, kuzeeka. Kila hatua humsogeza mbali kidogo na nyumba alimozaliwa, na kila hatua huacha nafasi ya maneno.

Nyumba kama shina la mtu

Wilaya ya Tarime inakaliwa zaidi na Wakurya, ambao ndugu zao wako upande wa pili wa mpaka, katika Kaunti ya Migori nchini Kenya. Wilaya ya Serengeti, yenye makao makuu Mugumu, ina Wakurya pia, pamoja na Wangoreme, Waikoma, Wanata, Waisenye na Wataturu. Wengi wao ni wakulima wanaofuga, na ng'ombe ni mali, heshima na kiungo cha ndoa.

Katika boma la Kikurya la mume mwenye wake kadhaa, kila mke alikuwa na nyumba yake, mashamba yake, ghala lake na ng'ombe waliotengwa kwa ajili yake. Watoto wa mama mmoja walihesabiwa kuwa watu wa nyumba moja. Binti wa nyumba hiyo alipoolewa, ng'ombe wa mahari waliingia katika nyumba ya mama yake, na kwa kawaida ndio waliomwozea kaka yake mke. Ukoo wa mwanamume ulipitia kwa baba, lakini haki yake ya kwanza ya mali, na tofauti yake na ndugu wa baba mmoja, ilipitia kwa mama.

Uzito wa uhusiano huo unaonekana hata pale mwana anapokosekana. Wakurya wana ndoa inayojulikana kama nyumba ntobhu: mwanamke asiyejaliwa mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kumwoa msichana ili awe kama mkwe wake, na watoto watakaozaliwa huhesabiwa kuwa wa nyumba hiyo. Wapo wanawake wazee waliopata kwa njia hii matunzo na usalama wa mali yao. Watetezi wa haki za wasichana nao wameikosoa pale inapomfunga binti mdogo katika ndoa asiyoichagua. Kwa msomaji wa ushairi, desturi hii inaeleza jambo moja la msingi: katika nyumba ya Kikurya, mwana ana nafasi yake hata kabla hajazaliwa, na nafasi hiyo iko chini ya mama.

Kwa hiyo mtunzi wa eneo hili anapotaja mlango, meko, ghala au zizi, hatafuti pambo la maneno. Anataja mahali ambapo haki ya mtu huanzia. Mwana anayesema kwamba meko ya mama yake hayajazimika anasema pia kwamba yeye mwenyewe bado ana pa kurudi, na kwamba ndugu zake wa nyumba nyingine hawajasahau kuwa yupo.

Mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti wa miaka mingi katika Mara na kuandika kuhusu kumbukumbu za wanaume na za wanawake, ameonyesha kwamba makundi hayo mawili hukumbuka mambo tofauti. Wazee wa kiume husimulia zaidi asili ya ukoo, uhamaji na makazi. Wanawake huhifadhi habari za ndoa na za undugu unaounganisha boma na boma, kabila na kabila. Mwana anayetaka kujua wajomba zake ni akina nani, na kwa nini hawezi kupigana na watu wa kijiji fulani, humwendea mama. Nyimbo na ngano za jioni katika nyumba ya mama ni shule ya kwanza ya elimu hiyo, na mwanamume huibeba maisha yake yote.

Kutoka mlangoni

Nyimbo za kubembeleza watoto ndizo mwanzo wa mazungumzo haya. Katika jamii za wafugaji wa Afrika Mashariki, mama anayemwimbia mtoto wa kiume mara nyingi humwimbia mtu mzima ajaye: mwenye ng'ombe, mwenye mkuki, mwenye wake na wageni. Aliyelala mgongoni hajui kutembea, lakini katika wimbo amekwisha kuwa mlinzi wa boma. Huu ni upande wa kwanza wa ushairi wa mama na mwana: mama humwona mwanamume ndani ya mtoto. Miaka ikipita, mambo hugeuka, na mama huyo huyo humwona mtoto ndani ya mwanamume. Ushairi mwingi wa mama na mwana aliyekua hukaa kati ya mitazamo hii miwili.

Tohara ndiyo hatua inayogeuza mambo. Miongoni mwa Wakurya hufanyika kwa makundi, kwa kawaida mwishoni mwa mwaka, baada ya wazee wa koo kukubali kwamba wakati unafaa. Kijana hutakiwa kusimama imara bila kutikisika wala kulia, kwa kuwa woga wake ungekuwa aibu ya nyumba nzima. Baada ya hapo husindikizwa nyumbani kwa nyimbo, ngoma na vigelegele vya wanawake, na huitwa mura, jina la heshima ambalo Watanzania wengi hulitumia leo kumwita mwanamume yeyote wa Kikurya. Tangu siku hiyo haifai tena alale katika nyumba ya mama yake kama zamani. Wenzake wa rika ndio watu wake.

Kwa mama, siku hiyo ina mambo mawili kwa pamoja. Anapiga vigelegele kwa sababu mwanawe amestahimili, na papo hapo anamwachia. Wimbo wa kundi hubeba yote mawili. Maneno ya ujasiri na ya kusifu ukoo huimbwa na wote, hivyo mama hasimami peke yake na uchungu wake. Huumimina ndani ya sauti za wengine. Ndiyo sababu nyimbo za tohara zikisomwa kama maneno matupu kwenye karatasi huonekana zimejaa majivuno tu. Uwanjani mambo ni tofauti, maana furaha na kuagana vimo katika kigelegele kimoja, na anayejua mwimbaji ni mama wa nani huvisikia vyote.

Jigambo na litungu

Mwana naye hujibu, ingawa kwa njia ya kiume. Jigambo ni utungo ambamo mtu hujisifu mwenyewe: anataja asili yake, mifugo yake, ushujaa wake, hatari alizopita. Aina hii ya ushairi iko katika jamii nyingi za Maziwa Makuu, na wataalamu wa fasihi simulizi huipa nafasi yake pamoja na tendi. Kijuujuu haina nafasi ya mama. Lakini mwenye kujigamba lazima aseme yeye ni nani, na katika nchi ambako ndugu wa baba mmoja hutofautishwa kwa nyumba, kujitambulisha kunaelekea kwa mama. Jina la baba humweka mtu katika ukoo. Jina la mama humtenga na ndugu zake na kumfanya awe yeye.

Chombo kinachoandamana na sifa hizi ni litungu, zeze kubwa la Wakurya lenye nyuzi nane na sauti nzito ya chini. Mpigaji huketi, huimba kwa kujibizana na nyuzi zake, na hupitia majina ya watu, koo na matukio. Litungu limekwenda mbali na Mara. Vikundi vya ngoma na shule nyingi nchini hulipiga katika sherehe za kitaifa. Nguvu yake kwa ushairi iko katika marudio. Nyuzi hurudia mzunguko ule ule kwa muda mrefu, na mwimbaji ana nafasi ya kuongeza jina, kukumbuka jambo, kumgeukia mtu aliyeketi mbele yake. Mzee aliyehudhuria sherehe anaweza kusikia jina la mama yake aliyefariki miaka mingi iliyopita likitajwa mbele ya wajukuu zake. Hapo mwimbaji amefanya kazi ambayo mzee mwenyewe asingeifanya kwa mdomo wake.

Ng'ombe, mke na mama

Ndoa huleta mtu wa tatu katika uhusiano huu. Kwa desturi, mke mpya alianza maisha chini ya uangalizi wa mama mkwe wake, akifanya kazi naye na kujifunza taratibu za boma, mpaka alipopata nyumba na meko yake. Mwana alikuwa kati ya wanawake wawili, na heshima ilimzuia kuwa mwamuzi wa wazi kati yao. Fasihi simulizi ya Afrika Mashariki imejaa nyimbo za ndoa na za kazini ambamo mama humwambia mwana, kwa mzaha au kwa kumpiga kijembe, kwamba sasa chakula kinapikwa kwingine, na ambamo mke humjibu mama mkwe bila kumtaja. Mtu akiyasema maneno hayo jikoni huwa ugomvi. Akiyaimba wakati wa kusaga au kupalilia, hakuna wa kumshtaki.

Nyuma ya mzaha huo kuna hesabu ya kweli. Ng'ombe waliomwoa mke huyu walitoka katika ndoa ya binti wa nyumba hiyo hiyo. Mwana anadaiwa na dada yake, na mama ndiye shahidi wa deni. Mwanaanthropolojia Michael Fleisher, aliyeishi Tarime na kuandika kuhusu wizi wa mifugo miongoni mwa Wakurya, alieleza jinsi vijana wasio na dada wa kuwaletea mahari walivyojikuta katika hali ngumu zaidi ya kupata mke, na jinsi hali hiyo ilivyochangia kuwasukuma wengine katika uvamizi wa ng'ombe. Uvamizi huo ulivuka mipaka ya koo na mpaka wa nchi, na uligharimu maisha ya watu wengi.

Hapa ushairi wa mama na mwana unapata mgongano wake mkali. Sifa za ushujaa humtaka kijana aende. Mama anajua kwamba sifa na msiba hutoka katika njia moja. Mtunzi anayelichukua jambo hili kwa uzito haandiki kuhusu mama mpole na mwana mkorofi tu, maana mama naye amekulia katika nyimbo za ng'ombe na anataka nyumba yake ipate mkwe. Anamtuma mwana na kumzuia kwa wakati mmoja. Shairi linaloweza kubeba nia zote mbili bila kuificha mojawapo ndilo linalosema kweli.

Safari na kungoja

Kwa vizazi kadhaa, vijana wa Mara wameondoka nyumbani kwa sababu nyingine pia. Serikali ya kikoloni ya Waingereza iliandikisha Wakurya wengi katika jeshi la King's African Rifles, na baada ya uhuru wengi walijiunga na Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Wengine walikwenda mijini kutafuta kazi. Dhahabu ya Nyamongo, ambako mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, iliwavuta wengine karibu na nyumbani lakini katika maisha mapya. Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, ni mji wa biashara na wa wapita njia.

Safari hugeuza umbo la ushairi. Wimbo wa uwanjani huhitaji watu wote wawepo. Mwana akiwa mbali, mama hubaki akimwimbia asiyesikia. Hapa ndipo huzaliwa shairi la kungoja, na lugha yake ni lugha ya mambo yanayoonekana: mvua imenyesha, mtama umekomaa, ndama amezaliwa, paa linavuja. Mama hasemi kwamba ana huzuni. Huorodhesha kazi ambazo mwana angezifanya, na kila kazi huwa njia ya kuuliza atarudi lini. Ubeti huu, uliotungwa hapa ili kuonyesha umbo hilo, unafuata kanuni za utenzi, yaani mizani nane kwa kila mshororo na kina kimoja katika mishororo mitatu ya mwanzo:

Tangu ulipoondoka,
masika yameshafika,
na shamba limelimika,
mlango sijaufunga.

Mishororo mitatu inatoa habari za nyumbani, na yote inaonyesha kwamba maisha yanaendelea bila mwana. Kina cha mshororo wa nne kinabadilika, na maana nayo inabadilika: kazi imefanyika, lakini kungoja hakujaisha. Utenzi una uwezo huu kwa asili yake, kwa kuwa mshororo wa mwisho wa kila ubeti hubeba kina kinachopita katika utungo mzima. Habari hubadilika kutoka ubeti hadi ubeti. Kilio cha chini hubaki kile kile.

Mama wa Liyongo

Mfano mkubwa kuliko yote wa mama na mwana aliyekua katika ushairi wa Kiswahili umetoka mbali na Mara, katika pwani ya kaskazini ya Kenya. Ni Utendi wa Fumo Liyongo, ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi. Liyongo ni jitu la vita na mtunzi wa mashairi, anayewindwa na mtawala wa Pate. Mara mbili katika kisa hicho, mama yake ndiye anayeshika hatima.

Mara ya kwanza Liyongo yuko gerezani. Mama humpelekea chakula kila siku kwa mkono wa kijakazi, na walinzi hula kilicho kizuri. Liyongo hutunga maneno ya fumbo na kumtuma kijakazi ayafikishe kwa mama: aoke mkate wa wishwa, na ndani yake afiche tupa. Walinzi wanaudharau mkate na kumwachia mfungwa, naye anakata minyororo yake. Ushairi hapa ni lugha ya siri kati ya mama na mwana. Walinzi wanasikia maneno yale yale, lakini ni mama pekee anayeyaelewa, kwa sababu ndiye anayemjua mwanawe.

Mara ya pili ni kifo. Liyongo anachomwa sindano ya shaba kitovuni na mtoto wake mwenyewe, aliyeahidiwa zawadi na watu wa Pate. Anajikokota hadi kisimani, anapiga goti, anavuta upinde na kufa katika hali hiyo. Watu wa mji wanadhani bado yu hai na wanaogopa kuteka maji. Wanamwendea mama yake, wakimsihi ambembeleze mwanawe kwa maneno ya kishairi ili awaachie maji. Mama anakuja na kumsihi, naye hajibu. Mpaka mwili unapoanguka ndipo watu wanapojua kwamba amekufa siku nyingi.

Kisa hiki kinakusanya mambo yote ambayo ushairi wa mama na mwana huyachunguza. Mwana ni mtu wa kuogopwa na mji mzima, lakini kuna mtu mmoja asiyemwogopa. Mama anaitwa na jamii kufanya kazi ambayo wanaume wenye silaha wameshindwa. Anatumia sauti ile ile aliyombembelezea utotoni. Msikilizaji wa Tarime hahitaji kuelezwa lolote katika hayo, kwani naye anajua mama wa mura ana uwezo gani mbele ya mwanawe, na uwezo huo unaishia wapi.

Nani anayesema

Ushairi ulipohamia kwenye karatasi, sauti zilibadilika. Katika nyimbo za jadi, mama husikika moja kwa moja. Katika tungo maarufu zilizoandikwa, mama akiandika humwandikia binti, na anayemwandikia mwana ni baba. Mwana Kupona binti Mshamu alitunga utendi wake mwaka 1858 kumuusia binti yake. Shaaban Robert alitunga Utenzi wa Hati kwa ajili ya binti yake na Utenzi wa Adili kwa ajili ya mwanawe wa kiume. Usia wa mama kwa mwana mtu mzima uko kwa wingi katika vinywa vya watu, na kwa uchache katika vitabu.

Mkoa wa Mara una mtunzi mmoja anayesaidia kulielewa pengo hili. Julius Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito na mke wake wa tano, Mgaya Nyang'ombe, na alikulia katika nyumba ya mama huyo ndani ya boma lenye wake wengi. Alifahamika zaidi kwa siasa, lakini maisha yake yote alikuwa mtu wa ushairi. Alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi za Shakespeare, na uzeeni alizitia Injili zote nne na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, zilizochapishwa mwaka 1996. Injili ya Yohana ina mikutano miwili mizito ya mama na mwana mtu mzima. Ya kwanza ni arusi ya Kana, ambapo mama anataja upungufu wa divai na mwana anamjibu kwamba saa yake haijafika, kisha anafanya alichoombwa. Ya pili ni msalabani, ambapo mwana anamkabidhi mama yake kwa mwanafunzi wake ili asibaki bila mwana. Msomaji wa Mara huliona katika tukio hilo jambo analolifahamu: mwanamume anayekufa ana wajibu wa kuhakikisha kwamba nyumba ya mama yake ina mtu.

Nje ya Afrika Mashariki, washairi wengine wamejibu swali la nani anayesema kwa njia tofauti. Mmarekani Langston Hughes alichapisha mwaka 1922 shairi ambamo mama ndiye msemaji, akimweleza mwanawe jinsi alivyopanda ngazi mbovu ya maisha bila kuketi. Agostinho Neto, mshairi aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Angola, aliandika shairi la kuagana ambamo mwana ndiye msemaji: mama alimfundisha kungoja na kutumaini, lakini yeye hangoji tena, kwa sababu sasa yeye ndiye anayengojwa. Mmoja anampa mama mamlaka ya aliyepita njia ngumu. Mwingine anampa mwana mamlaka ya anayeondoka kwa ajili ya wengi.

Umbo na maana

Msomaji anayekutana na shairi la mama na mwana anaweza kuanza na maswali machache. La kwanza ni la msemaji: ni mama, ni mwana, au ni kundi linalosema kwa niaba yao? La pili ni la wakati. Mwana akiwa mtoto katika kumbukumbu na mtu mzima katika ubeti unaofuata, shairi linafanya kazi yake kuu, yaani kuziweka enzi mbili mahali pamoja. La tatu ni la vitu: nani anashika jembe, nani anafungua mlango, nani anakula. La nne ni la kisichosemwa, kwa sababu heshima kati ya mama na mwana mtu mzima huacha mambo mengi nje ya maneno.

Umbo nalo lina sauti yake. Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake cha mwaka 1954 kuhusu sheria za kutunga mashairi, alieleza kanuni za vina na mizani ambazo watunzi wengi wa magazeti wamezifuata. Shairi la mishororo minne yenye mizani kumi na sita, likiwa na kibwagizo, hufaa ombi linalorudiwa: mama anauliza jambo lile lile kila ubeti, na jibu halifiki. Utenzi hufaa usia, kwa kuwa ni mrefu na mwepesi kukaririwa. Ushairi huru, ambao Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe aliupa nguvu kwa diwani ya Kichomi mwaka 1974, hufaa ukimya wa mwana asiyejua aanzie wapi. Mistari mifupi na pengo kati yake humruhusu mtunzi kuacha mambo kama yanavyoachwa nyumbani.

Mahali pa ushairi huu leo

Nyimbo za mama na mwana hazijaisha, zimehama. Kwaya za makanisa ya Mara huimba kuhusu mama aliyeomba na mwana aliyerudi. Muziki wa dansi na bongo fleva umewapa wanaume nafasi ya kumsifu mama hadharani bila aibu, na wimbo Nani Kama Mama wa Christian Bella na Ommy Dimpoz umepigwa katika arusi na sherehe nchini kote. Ujumbe wa simu umepunguza kungoja kwa zamani, kwa maana mama wa Mugumu anaweza kusikia sauti ya mwanawe aliye Dar es Salaam kila jioni. Kinachopungua ni nyimbo zilizofungwa katika lugha za Kikurya, Kingoreme, Kiikoma na nyinginezo, na katika kazi ambazo hazifanywi tena kwa mikono ya kundi.

Kuzihifadhi kunahitaji kurekodi sauti pamoja na mazingira yake: nani aliimba, kwa nani, katika sherehe gani, mwana alikuwa wapi. Maneno pekee hayatoshi, kwa kuwa nusu ya maana iko katika uhusiano wa mwimbaji na msikilizaji. Walimu wa Kiswahili wa Tarime na Serengeti wana nafasi nzuri ya kuifanya kazi hii na wanafunzi wao, ambao wengi wana mama na bibi wanaozijua nyimbo hizo. Wanafunzi wa kiume wakipewa kazi ya kuandika maneno ya mama zao na kuyatungia majibu, pengo lililo vitabuni kati ya sauti ya mama na kalamu ya mwana litaanza kuzibwa na wenyewe.